Ukienda kula kwa Mtaliano wa mtaani: maneno ya weita wa zamani wa Malindi

Nilikuwa nikiwaona kupitia kidirisha cha jikoni. Baba, mama na watoto watatu, wamevaa nguo za Idi, wamesimama langoni wakisoma ubao wa vyakula. Baba anasoma, anakuna kidevu, anamtazama mkewe. Mama amemshika mdogo mkono. Dakika mbili hivi, halafu wanageuka na kurudi kwenye tuktuk, nami najua wanakokwenda: kuku na chipsi, palepale wanapokwenda kila Idi. Bei haikuwa tatizo. Pizza mbili na sahani moja ya spageti zingewashibisha wote watano, na hesabu isingeachana mbali na ya kuku wao. Kilichowarudisha ni ule ubao, maneno thelathini ya Kitaliano, na haya ya kuuliza.

Nilikuwa weita kwa miaka kumi na minne katika mkahawa wa Kitaliano hapa Malindi. Meza kumi na moja, njia ya ndani, bahari huioni wala huisikii. Mwenyewe ni mama wa makamo tuliyemwita Sinyora, na mpishi wake mkuu ni Mgiriama wa Ganda ambaye hajapanda ndege maishani, lakini unga wa pizza akiugusa tu anajua kama umeiva. Sasa nimeacha, nauza samaki, na nikienda kule naketi mezani kama mteja. Ndugu na majirani hunipigia simu wakiwa wamekwisha fika mlangoni: tuseme nini? Basi nimeona niyaandike yote mara moja.

Wageni wa bara huuliza kwanza Wataliano walifikaje huku. Kisa chake kirefu, lakini chanzo kimoja kikubwa ni Ngomeni. Miaka ya 1960 Italia ilijenga pale kituo cha kurushia setilaiti, San Marco, na kutoka jukwaa lake la baharini ndipo iliporushwa setilaiti iliyopewa jina la Uhuru, tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya Jamhuri yenyewe. Watu wa kituo walionja bahari yetu, wakaleta jamaa zao. Nyuma yao wakaja watalii, na nyuma ya watalii wazee waliostaafu. Leo kijana anayeuza vinyago ufukweni anabishana bei kwa Kitaliano utadhani kazaliwa Napoli. Kwa hiyo mkahawa ule ni wa mji wako, usiingie kwa kunyata.

Chagua kwanza pa kwenda. Ile ya ufukweni yenye taa za rangi na kijana wa kukuvuta mkono barabarani, iache. Chakula chake ni cha mtu anayepita mara moja na harudi. Tafuta ndogo. Dalili zake ni hizi: saa saba mchana, kwenye meza ya pembeni, yupo mzee wa Kitaliano anakula peke yake, hajapewa menyu na wala hajaiomba. Mwenye mkahawa anazunguka mezani, hajajifungia ofisini. Orodha ya vyakula ni fupi. Ukikuta menyu ina pizza aina arobaini, na kari, na sushi, na biriani, ujue vingi kati ya hivyo vimelala kwenye friza. Na kama wanachoma kwa kuni, moshi wa mvinje utakupokea ukiwa bado njiani.

Msimu nao uutazame. Mikahawa mingi ya aina hii hufunga milango mvua za masika zikianza, Aprili au Mei, wenyewe wakaenda kwao mpaka karibu na Julai. Desemba hadi Machi hujaa, Agosti pia; tarehe 15 Agosti ni Ferragosto, sikukuu yao kubwa ya kiangazi, na siku hiyo usijaribu bila kuweka meza. Piga simu asubuhi, sema mko wangapi na mtafika saa ngapi. Wataliano hula chakula cha usiku kuanzia saa mbili na kuendelea. Ukiwa na watoto, nenda saa moja. Tanuri limeshapata moto, mpishi hajachoka, na weita ana nafasi ya kukueleza mambo. Mimi nilikuwa nawapenda sana wateja wa saa moja.

Ukifika, salimu kabla ya kutazama meza. "Buonasera" yatosha, na "habari za jioni" yatosha vilevile. Mtaliano wa mtaani huona mkahawa wake kama baraza ya nyumba yake, na mtu anayepita barazani kwako bila salamu unamjua mwenyewe ni mtu wa namna gani.

Na usiogope kuyatamka maneno yao. Mswahili ana bahati ambayo Mwingereza hana: a, e, i, o, u za Kitaliano ni zetu hizihizi, na mkazo mara nyingi unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kama kwetu. Jifunze mambo machache tu. Herufi *ch* kwao ni k, kwa hiyo bruschetta ni "brusketa", wala usiseme "brusheta" kama wanavyosema Wazungu wengine. *C* ikifuatwa na i au e inakuwa ch yetu, kama katika salamu yao *ciao*, inayotamkwa "chao". *Gn* ni ny ya Nyali: gnocchi ni "nyoki". *Sci* ni sh, *gl* kabla ya i ni kama ly. Nimeona watalii wa Kiingereza wakikaa Malindi miaka kumi na bado wanahangaika na nyoki, na binti yangu wa darasa la tatu alilisema sawasawa mara ya kwanza.

Sasa jambo lenyewe. Ukishakaa, menyu ikiletwa, iweke mezani uifunge. Muulize weita: leo kuna nini? Menyu ilichapwa mwaka juzi, bahari haijaisoma. Kilichoingia leo hakimo humo, kimo kwenye sinia la barafu jikoni, au kimeandikwa kwa chaki ukutani, au kimo kichwani mwa mpishi. Ni swali ambalo Mtaliano mwenyewe huliuliza, na ndilo humtambulisha mtu anayejua kula.

Kuna mzee mmoja wa Shella alikuja na mkewe, mwanawe wa Qatar amewatumia pesa wakale "kwa Wataliano". Nikamsalimu, "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu. Haya maandishi mimi siyawezi. Leo mmepata nini?" Nikamletea sinia: kolekole mmoja, changu wawili, tewa mkubwa. Akanyanyua shavu la tewa kwa kidole, akachungulia matamvua, akasema taratibu, "Huyu ni wa juzi. Nichomee changu." Kumbe alivua miaka arobaini. Sinyora alisimama nyuma yangu amesikia kila kitu. Tewa aliondolewa kwenye sinia usiku uleule, na mzee akaletewa bakuli la kome ambalo hakuliagiza wala halikuonekana kwenye bili. Baada ya hapo, akija, Sinyora mwenyewe ndiye anayempelekea sinia.

Kwa hiyo ujuzi wako wa sokoni unafaa hapa. Wakati wa kaskazi bahari imetulia, ngisi, pweza na kamba ni tele, agiza bila wasiwasi. Wakati wa kusi bahari ni chafu, wavuvi wengi hawatoki. Uliza kwa adabu kama samaki ni wa barafu, na akikwambia ndiyo, rudi kwenye pizza na nyanya. Hakuna ubaya wowote katika nyanya.

Lakini samaki na kamba mawe wana mtego mmoja, nao umewaliza watu. Bei yao mara nyingi haiandikwi kwa sahani, huandikwa kwa gramu 100, kipimo ambacho Wataliano hukiita *etto*. Kijana mmoja alimleta mchumba wake kumchumbia rasmi. Akaona 450 pembeni ya kamba mawe, akaagiza wawili kwa sauti ya juu, akaniambia na wawe wakubwa. Walipopimwa walikuwa na gramu 1,700 kwa pamoja. Piga hesabu mwenyewe: shilingi 7,650, bado maji. Nilipaswa kumwambia. Nilikuwa mgeni kazini, nikadhani anajua. Aliniita pembeni bili ilipokuja, uso umemshuka, tukapanga alipe nusu na nusu aitume Ijumaa, na aliituma. Tangu siku hiyo sikuacha mtu aagize kamba mawe bila kumwonyesha mizani. Weita wako asipokwambia, uliza wewe: huyu atafika kilo ngapi, na itakuwa shilingi ngapi?

Kuhusu mpangilio wa chakula. Kwetu kila kitu huja pamoja kwenye sinia: wali, mchuzi, kachumbari, papai, ndizi. Kwao vinakuja kwa zamu. *Antipasto* ni cha kufungulia mdomo. *Primo* ni tambi, risotto (wali wao wa rojo) au supu. *Secondo* ni nyama au samaki, na hapo ndipo Mswahili anapigwa na mshangao, maana samaki anakuja peke yake sahanini kama mtoto aliyepotea. Hana wali, hana chipsi. Mboga au viazi unaviagiza mbali, chini ya neno *contorno*. Halafu *dolce*, kitamu, kisha kahawa.

Hakuna anayekulazimisha kupita zamu zote. Wataliano wengi wa hapa siku za kawaida huchukua primo na saladi wakaenda zao. Kosa ninaloliona sana ni mtu kuagiza spageti na samaki vije pamoja, akitaka spageti iwe badala ya wali. Watakuletea ukisisitiza, lakini spageti ile imekolezwa iliwe yenyewe. Ukiiweka kando ya samaki vyote viwili vinapoteza. Mkiwa wanne, fanyeni hivi: antipasto moja katikati, tambi za aina mbili mgawane, pizza moja, na samaki mmoja mkubwa na viazi vyake. Mwambie weita "tunakula pamoja", alete sahani tupu nne. Hawakasiriki. Wao wenyewe Jumapili nyumbani kwao hula kwa kuchovyachovya kwa mwenzao.

Sasa niseme la nguruwe na pombe, kwa sababu hapa ndipo wengi wetu tunapoogopa, na woga wenyewe una haki.

Neno la kwanza kulijua ni *maiale*, nguruwe. Ukisema "senza maiale", bila nguruwe, umeeleweka. Lakini nguruwe hajiiti maiale kwenye menyu. Ana majina ya kujificha: prosciutto, speck, pancetta, guanciale, mortadella, salame, salsiccia, lardo, 'nduja. Carbonara halisi ni yai, jibini la pecorino, pilipili manga na guanciale, yaani shavu la nguruwe. Amatriciana vilevile ina guanciale. Ragù, ule mchuzi wa nyama ya kusaga, mara nyingi huchanganywa ng'ombe na nguruwe. Pizza ya capricciosa na ile ya quattro stagioni zina prosciutto. Diavola ina salame ya pilipili. Bresaola ni ng'ombe, hiyo ni kweli, lakini mashine inayoikata ndiyo iliyokata prosciutto dakika tano zilizopita. Uliza kama wanaiosha. Kuchinja nako ni swali lake: muulize mwenyewe nyama anainunua kwa nani. Sinyora alikuwa akinunua ng'ombe na kuku kwa bucha la Kiislamu la sokoni, kwa sababu ndilo lenye nyama nzuri, na alikuwa akiwaambia watu bila kuulizwa mara mbili.

Kuna jina moja linaloogopesha bure: *peperoni*. Watu wamezoea pizza za Nairobi zenye soseji ya jina hilo, wakiliona wanaruka. Kwa Mtaliano peperoni ni pilipili hoho. Basi.

Pombe ndiyo yenye hila zaidi kwa sababu huioni. Risotto karibu kila mara huanza kwa glasi ya mvinyo mweupe juu ya mchele. Chaza na kome wa *alle vongole* au *alla marinara* ya bakuli hufunguliwa kwa mvinyo. Tiramisù, kitamu cha biskuti na kahawa, mara nyingi ina marsala (mvinyo mtamu) au ramu ndani ya kahawa yake. Zabaione, krimu ya mayai na sukari, kwa kawaida ina marsala. Babà, keki ndogo, imelowa ramu. Watu watakwambia pombe inaungua jikoni. Hiyo ni hoja ya mpishi, na kila mtu ana dini yake na ustadhi wake. Mimi kazi yangu ilikuwa kusema ukweli kilichomo, na ndicho unachostahili kuambiwa. Panna cotta, kitamu cha malai, nayo hugandishwa kwa jelatini, uliza imetoka kwa mnyama gani. Na majirani zetu Wahindi wasiokula nyama kabisa wajue kwamba parmigiano hugandishwa kwa dawa inayotoka tumboni mwa ndama.

Namna ya kuomba: omba mapema, omba mara moja, na omba kwa weita kabla mpishi hajawasha moto. "Senza vino." Chakula cha dakika kumi, kama spageti za kome, kinaweza kupikwa bila mvinyo bila taabu, kwa maji ya chumvi ya tambi na ndimu. Mchuzi uliopikwa tangu asubuhi hauwezi kubadilishwa, usiubishanie. Mama yangu, Mungu amrehemu, nilimleta siku moja mchana, mkahawa mtupu. Alikula vyote, tiramisù ilipokuja akainusa na kuisukuma mbele. "Mwanangu, hii ina nini?" Sinyora akasikia. Hakusema neno. Wiki iliyofuata alinipa bakuli limefungwa kwa karatasi nimpelekee nyumbani: biskuti, mascarpone (jibini laini), kahawa tupu, na ameongeza iliki. Mama alikula siku mbili. Tangu hapo tulikuwa na bakuli mbili kwenye friji, moja imeandikwa kwa kalamu "Mamma".

Kula sasa. Spageti haikatwi kwa kisu. Chomeka uma pembeni mwa sahani, shika nyuzi nne tano tu, zungusha hapo hapo mpaka ziwe kifundo. Wanaochomeka katikati hunyanyua furushi zima, na shati jeupe ndilo huona matokeo. Kijiko cha kusaidia ni cha watoto, lakini hakuna atakayekufukuza. Mama yangu huyohuyo alikula kwa mkono, kwa vidole vitatu, safi kabisa, na Sinyora akaniambia kwamba Napoli ya zamani watu waliuziwa tambi barabarani wakazila hivyohivyo, kwa mkono, wakiwa wamesimama.

Tambi zitakuwa ngumu kidogo ndani. Usizirudishe. Sisi tumelelewa na tambi za Ramadhani, zimepikwa kwa tui, sukari na iliki mpaka zimelegea, na ukizingoja za namna hiyo utadhani hizi ni mbichi. Wao wanataka jino likute kitu. Ukishindwa kabisa, sema "ben cotta", iliyoiva sana, mpishi atanung'unika na ataziacha dakika mbili zaidi. Wasomali wa mjini hapa ndio hawahitaji kufundishwa. *Baasto* yao ilitoka kwa Wataliano hawahawa, na nimewahi kumwona mzee wa Kisomali akitoa ndizi mfukoni akaikatia juu ya ragù yake ya ng'ombe. Sinyora aliishi na jambo hilo.

Jibini ya kunyunyiza usiiombe juu ya tambi za samaki. Sijui kama ni sheria au ni chuki, lakini wanaona jibini inamfunika samaki, na weita atakuuliza "una hakika?" kwa uso wa msiba. Pilipili unaweza kuomba: *peperoncino*, au mafuta yaliyolowekwa pilipili kwenye kichupa. Mchuzi ukibaki sahanini, chukua kipande cha mkate ufute. Kwao kitendo hicho kina jina, *scarpetta*, kijiatu, na mpishi akikiona kupitia kidirisha anafurahi kuliko akipewa bakshishi.

Pizza sina mengi. Kama ni mara yako ya kwanza mahali, agiza margherita: nyanya, mozzarella, majani ya basili. Haina pa kujificha. Ikiwa nzuri, nyingine zote ni nzuri. Marinara haina samaki ingawa jina lake ni la baharini. Ni nyanya, kitunguu saumu, oregano na mafuta ya zeituni, na ndiyo ya bei ya chini kuliko zote. Madoa meusi pembeni ni ya moto wa kuni, hazijaungua. Huja nzima haijakatwa, kila mtu na yake, lakini omba ikatwe, watakata.

Maji watakuuliza: *naturale* ni ya kawaida, *frizzante* ni ya gesi. Yote hulipiwa.

Kahawa ndiyo sehemu ambayo mtu wa pwani hana cha kujifunza. Ile unayoletewa katika kikombe kidogo, nyeusi, chungu, unaimaliza kwa mafunda matatu, ni ndugu wa kahawa chungu ya barazani, ila wao wanaipitisha kwenye mashine na sisi tunaichemsha kwenye dele juu ya makaa. Sema tu "un caffè". Kapuchino baada ya samaki wanaiona kichekesho, kwao ni kinywaji cha asubuhi. Ukiitaka, kunywa, umelipa. Nilichokuwa nikifanya mimi ni kumletea mteja kashata moja juu ya kisosi, ya mama wa jirani, na baada ya miezi Sinyora akaanza kumlipa mama yule kwa wiki.

Bili haiji mpaka uiombe. Unaweza kukaa saa mbili baada ya kahawa, hakuna atakayekusukuma, na wengi wetu hukaa pale tumekereka tukidhani tumesahauliwa. Sema "il conto, per favore". Isome. Katika mikahawa mingine kuna *coperto*, ada ya meza na mkate kwa kila kichwa. Sisi hatukuwa nayo. Tazama chini ya menyu kama bei zimejumlisha kodi: VAT ni asilimia 16 na ushuru wa utalii ni asilimia 2, na zikija mwishoni bila kutarajiwa zinauma. M-Pesa hupokelewa karibu kila mahali. Bakshishi mpe weita mkononi, na kama umefurahia chakula mwambie "na ya jikoni", maana wasiposikia hivyo wengine husahau kugawana. Mimi niliwahi kusahau.

Kilichobaki usikiache kwa aibu. "Nifungie" inaeleweka kila mahali Malindi. Samaki mle usiku uleule au mpeni paka. Pizza ivumilie mpaka asubuhi: kikaango kikavu, moto mdogo, mfuniko juu, matone mawili ya maji pembeni ili jibini ilainike na chini pakauke. Dakika nne. Chai ya maziwa na tangawizi iwe tayari kabla hujaifunua, kwa sababu watoto watakuwa wamekwisha amka kwa harufu.